Vinasaba vya Mama

Lanet, Jumapili

Dada Nyakio,

Huku tuko salama, mvua imenyesha na mahindi yako yameota vizuri. Ile kozi ya bioinfomatiki, ya kuchambua vinasaba kwa kompyuta, ninayosoma mtandaoni imefika kwenye mazoezi. Wenzangu walichagua vinasaba vya kuku. Mimi nikachukua vya mama, kutoka faili la vipimo tulilopewa hospitalini kabla saratani ya matiti haijamchukua.

Nimeona kasoro, na ni ya kurithiwa. Nimerudia zoezi mara nyingi nikidhani nimeharibu mahali, maana mimi bado mwanafunzi. Tafadhali twende tukapimwe, mimi peke yangu naogopa.

Binti yako usimwambie bado. Alipozaliwa tulimpa jina la mama, tukacheka tukisema ni mama mwenyewe amerudi. Siku hizi naomba Mungu tuwe tumekosea.

Mdogo wako,
Wangeci