Brian Aliniacha Mlimani

Dada Nekesa,

Poleni na joto la Doha. Huku Japani kuna baridi nzuri, lakini mimi nachemka kwa hasira.

Jana Brian, huyo mchumba wangu mnayemsifu, alinipeleka kupanda mlima. Tulienda kwa treni, kisha basi. Wakati wa kuteremka goti langu likagoma. "Wacha nikimbie nikazuie basi la mwisho," akasema. Nilifika kituoni nikichechemea, nimeegemea mama mmoja mzee wa Kijapani na mumewe niliokutana nao njiani. Basi hakuna, Brian hakuna! Wazee hao wakanipeleka stesheni kwa gari lao. Nikamkuta anakula tambi.

"Dereva alikataa kungoja," akasema. "Nilijua tu utapata msaada."

"Na wewe, alikukataza kushuka?"

Akainamia bakuli lake. Yule mama haelewi Kiswahili, lakini alinishika mkono na hakuniachilia mpaka treni ikafika.

Ijumaa ukienda kanisani Mesaimeer, waambie kamati ya harusi wapumzike. Nimekukumbuka sana, dadangu. Niwekee chapati, nakuja peke yangu.

Nasimiyu