Mama kapakwa mafuta ya wagonjwa kwa sababu ya saluni

Levina, usinipigie, nitalia. Soma tu.

Unakumbuka Mama alivyoniganda nimpeleke ile saluni ya mjini wanakopiga watu mwanga usoni, kufuta madoa ya jua na mikunjo? Tulienda Jumatatu. Uso ukavimba, na yule dada wa saluni akamwambia asitoke juani siku saba.

Siku saba, na tumbaku imeiva. Hapa Itetemia mtu asipoonekana shambani msimu huu, watu hawaulizi. Wanajua yuko taabani.

Basi leo wanajumuiya wote wa kanisani wamekuja. Na Padre. Na mafuta.

Nikajua Mama atasema ukweli. Wapi. Alijifunika kanga mpaka puani akaanza kukohoa. Kukohoa, Levina. Padre akamuuliza, "Mama Gerson, unaumwa wapi?" Akajibu, "Kila mahali, Baba."

Kila mahali. Akapewa mpako wa wagonjwa, na mshumaa nimeushika mimi.

Waliposema amina, Bibi Koleta akatokwa machozi. Yule bibi ana sabini na ushee, na madoa ya jua usoni kwake yanazidi ya Mama mara tatu. Akamshika mkono: "Pumzika, mwanangu. Tumbaku yako tutaichuma sisi kesho."

Watu ishirini wamekubali. Bibi Koleta wa kwanza.

Wameondoka sasa hivi. Mama amekaa kitandani, kanga imemwanguka, kioo amekigeuzia ukutani. Ameniuliza jambo moja tu: kesho jua litakuwa kali?