Mstari wa Nne wa Tangazo

Ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu, Bibi Maswali,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani, na baridi ya huko imekuachaje? Kifua cha mkwe wetu kimepata nafuu? Na wajukuu zangu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi wazima, ila goti langu hunikumbusha umri kila nipandapo ngazi.

Wiki mbili sasa mama yako hajagusa kompyuta. Ukimuuliza atakuambia macho yanamsumbua. Macho ni mazima, na miwani ni mipya. Wa kulaumiwa ni mimi, na nataka uyasikie kwangu.

Unajua kwamba kwa miaka kumi na tisa amekuwa akijitolea katika ule umoja wa wafasiri wa nchi mbalimbali, akitafsiri maelezo ya dawa na ya kusafisha maji ya kunywa. Nami nilijiunga nilipostaafu. Pamoja na kutafsiri, sisi wawili tulipewa kupitisha matangazo ya kazi kabla hayajatumwa kwa wanachama wote. Utaratibu wetu ulikuwa wa macho manne: mimi natazama lugha, yeye anatazama kama tangazo linamtendea haki msomaji. Aliyeuanzisha ni yeye.

Siku moja mwezi uliopita alikuwa kwa daktari wa macho. Likaja tangazo la haraka: umoja wenyewe unatafuta mratibu wa wafasiri, kazi ya mshahara. Moyo uliniruka kwa furaha. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya bure, na tangu chuo cha uhazili alichokuwa akifundisha kifungwe alikuwa akiingojea kimyakimya. Nikanyoosha sentensi, nikaondoa mikato miwili, nikalituma peke yangu.

Mstari wa nne ulisema, "umri mwisho 35". Niliona umekaa vibaya, nikaandika: "Mwombaji awe na umri usiozidi miaka thelathini na mitano." Mama yako ana hamsini na sita. Naapa, mpwa wangu, sikumwona yeye ndani ya mstari ule.

Alilisoma amesimama jikoni, kwa miwani yake mipya. Akalirudia. Kisha akasema taratibu, "Kaka, sentensi hii ni yako. Imekaa vizuri." Akaendelea kumenya vitunguu.

Utauliza, kwa nini umri? Nimestaafu ualimu lakini mdomo haujastaafu, kwa hiyo nikueleze. Niliwaandikia, wakanijibu kwa adabu kwamba mfadhili anataka watu wenye kasi, na fomu ni ileile kwa nchi zote. Ukweli ni kwamba umri ni rahisi kupima kuliko ujuzi. Mtu mwenye barua mia mbili mezani huupenda mstari unaompunguzia mia. Hakuna anayemchukia mama yako. Amekatwa na mtu asiyemjua, kwa kisu nilichokinoa mimi.

Yeye aliwatumia swali moja tu: je, wanaojitolea nao wana kikomo cha umri? Jibu lilikuja siku ileile, na picha ya ua chini yake. Hakuna kikomo, watu wa rika zote wanakaribishwa, na wanamshukuru kwa moyo wake. Alicheka, mpwa wangu, alicheka mpaka akavua miwani aifute. Akaifunika kompyuta kwa kile kitambaa chake cha maua, kama mtu anayefunika cherehani. Hajaifunua.

Nimeacha kupitisha matangazo. Nimemwomba radhi, akasema yameisha. Hayajaisha, maana akinimiminia chai ananiita "bwana mhariri".

Nina ombi. Mpigie simu. Usimpe pole, wala usiiguse habari hii. Muulize maana ya neno, kama utotoni ulivyokuwa ukimfuata chumba hadi chumba na daftari lako. Liwe gumu, la kumfanya akafunue ile kompyuta alitafute. Nikiliuliza mimi, atajua namwonea huruma. Likitoka kwako litakuwa swali tu.

Nisalimie mkwe wetu na mtani wake, yule dada yake mkubwa asiyeshindwa maneno. Wajukuu waambie dirisha ni la zamu. Mungu akuweke, akupe siku nyingi, na watu watakaokuwa na haja nazo.

Ni mimi nikupendaye daima,
Mjomba wako