Bakuli la Idi la Loza

Jumanne, 9 Aprili

Nyumba nzima inanuka vitunguu. Baba kajifungia jikoni tangu asubuhi, anapika sharmula ya Idi — vitunguu na zabibu kwenye mafuta ya zeituni, moto mdogo, mpaka viwe rojo jeusi tamu la kulia samaki wa chumvi. Tangu Mama afariki hataki mtu aguse mwiko. Nimejaribu kukoroga kidogo tu, kanifukuza. Utaiunguza, Dalenda, toka! Mji mzima wa Sfax unapika hiki hiki leo, lakini kwa Baba, ya kwake ndiyo sharmula, za wengine ni tope.

Loza kalala uani, pua kaielekeza mlangoni. Baba kampita huku kainua kanzu, kama kawaida yake. Tangu nirudi nyumbani na talaka yangu na mbwa wangu huyu, hajawahi kumgusa hata kwa kidole.

Jumatano, 10 Aprili. Idi

Siamini!

Nimerudi kutoka kwa shangazi, namkuta Baba kachuchumaa uani na Loza analamba bakuli. Bakuli letu la wageni, lile la maua! Kashtuka kama mwizi.

"Leo Idi," kasema. "Na yeye ana tumbo."

"Umempa nini?"

"Sharmula. Kaimaliza! Anajua kula huyu, si kama yule mume wako."

Nimecheka mpaka machozi. Kisha Baba akanyoosha mkono — polepole, kama anapima joto la sufuria — akamgusa Loza kichwani. Natamani Mama angeona.

Alhamisi, 11 Aprili

Loza anatapika. Matapishi meusi, yananuka vitunguu. Nilidhani ni shibe ya sikukuu. Hata maji hayataki. Kajikunja chini ya ngazi, anatetemeka.

Bi Mabrouka wa jirani kachungulia juu ya ukuta: mpe mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, atapona. Kisha akacheka. Sikukuu hii hata sisi binadamu hatupati daktari, wewe unamtafutia mbwa!

Nimepiga simu kila kliniki. Zote zimefungwa. Mwishowe daktari mmoja wa wanyama, Yosr, kapokea akiwa kwa wakwe zake huko Mahdia. Kaniuliza kala nini. Nikamwambia.

Akasema usimpe chochote, wala hicho kitunguu saumu. Anarudi Sfax sasa hivi, nikamsubiri mlangoni pa kliniki.

Baadaye

Ni figo.

Zabibu ni sumu kwa mbwa. Sumu! Na vitunguu vinaharibu damu. Sikujua. Niko na mbwa huyu tangu anaenea kiganjani na sikujua. Daktari Yosr hakunigombeza, kasema hata watu wenye mbwa wa bei kubwa hawajui. Nikamuuliza dawa ya kuitoa ni ipi. Hakuna. Ni dripu tu, maji mengi ya kusafisha figo, na kungoja. Tuangalie mkojo, kasema. Akikojoa, figo zinafanya kazi. Asipokojoa . . .

Akageukia dripu.

Nimemwacha pale, mguu umenyolewa, sindano imefungwa kwa plasta. Kanitazama nikiondoka.

Baba alikuwa mlangoni ananisubiri. "Ana nini?"

Nimemwambia kaokota kitu barabarani.

Ijumaa, 12 Aprili

Hajakojoa.

Baba katoka msikitini moja kwa moja mpaka jikoni. Nasikia kisu. Naingia — kuku sufuriani, na karibu yake vitunguu viwili na kichwa kizima cha kitunguu saumu!

"Supu ya mgonjwa," kasema. "Mpelekee."

"Baba, asiwekewe vitunguu."

"Supu bila vitunguu ni maji ya kuoshea sufuria."

"Asiwekewe! Wala chumvi! Wala kitu!"

Nimepiga kelele. Mimi, nimempigia Baba kelele! Kaweka kisu chini. Nikajikaza, nikasema daktari anataka kuku wa kuchemsha tu, wali mweupe, labda boga. Basi.

Kainua kitunguu kimoja. "Kwa nini vitunguu?"

"Tumbo lake dogo, Baba."

Kaviondoa kimoja kimoja, akanawa mikono, akaosha kisu.

Jumamosi, 13 Aprili

Kidogo! Matone tu, lakini kakojoa! Daktari Yosr kanipigia mwenyewe. Nimeruka jikoni kama mwehu. Kumbe kakojoa, Baba, kakojoa! Baba kasema alhamdulillahi kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mazishi.

Jioni habari nyingine. Rangi ya mkojo ni mbaya, kama chai nzito. Fizi zimekuwa nyeupe. Figo bado, na sasa damu nayo. Daktari kasema nisijenge matumaini makubwa, wala nisiyabomoe.

Nifanye nini na maneno kama hayo?

Jumapili, 14 Aprili

Baba kavaa joho lake la Idi. Nakwenda na wewe, kasema.

Kliniki imejaa. Paka kwenye vikapu, msichana na kasuku. Baba kakaa wima ukutani, kofia magotini. Nilipotoka chumba cha ndani nilimkuta kasimama, amenipa mgongo. Anatazama bango ukutani. Picha za vyakula, kila kimoja kimepigwa msalaba mwekundu. Chokoleti. Mifupa iliyopikwa. Kitunguu. Kitunguu saumu. Zabibu, shada zima, kubwa kuliko zote.

Nilimwita. Hakugeuka. Nilimwita tena.

"Nakuja, binti yangu."

Hajala kitu tangu Alhamisi, kwa hiyo daktari karuhusu tumpeleke nyumbani mchana, sindano ibaki mguuni, kesho arudi. Akila, kasema, hata kijiko kimoja, nipigie. Baba kambeba mwenyewe. Mikononi, kifuani, juu ya joho. Nami nikaendesha gari kwa kutazama mbele.

Tulipofika hakumweka uani. Kamwingiza chumbani kwake, kamlaza kwenye ngozi ya kondoo anayokalia yeye.

"Ulijua tangu Alhamisi," kasema.

Nilitaka kusema barabarani kuna vitu vingi.

"Ulijua, ukaniacha nisijue."

"Baba, hakuna aliyejua. Mimi mwenyewe sikujua. Ulimpa kwa wema."

"Kwa wema," kasema. Akaenda jikoni. Nikasikia mtungi wa sharmula iliyobaki ukifunguliwa, kisha bomba likimwaga maji, muda mrefu.

Jumatatu, 15 Aprili

Naandikia hapa kizingitini, siwezi kukaa mbali.

Baba kachemsha wali asubuhi. Mweupe, bila chumvi, bila mafuta. Kauonja mwenyewe kwanza. Sasa kakaa sakafuni, miguu kainyoosha kama mtoto, wali kidogo kwenye vidole vitatu. Kauweka mbele ya pua ya Loza.

"Kula, mama. Huu hauna kitu. Nakuapia, hauna kitu kabisa."

Loza kafungua macho. Kanusa vidole. Ulimi haujatoka.

Wali unaanza kukauka. Mkono wa Baba umechoka, kaushikilia kwa mkono mwingine. Hajaushusha.