Puleki za Gauni la Bibi Yako

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu nyingi toka Mji wa Kale. Bibi yako hajambo, magoti tu yamsumbua.

Wauliza gauni lile la sinema ya zamani lilimetaje vile? Umeuliza fundi wa kofia asiye na mfano! Kila puleki, kile kisahani kidogo cha kumeta, hushonwa juu tu, chini huachwa ining'inie, icheze mwili ukicheza.

Nayajua hayo sasa. Niliposhona gauni kama lile kwa harusi yetu, bibi yako alinisihi nilegeze. Nikakaidi, nikazikaza puleki kama nishonavyo kofia. Wanawake wakacheka: "Bibi harusi kavaa bati!"

Bibi yako akawajibu, "Mimi ndiye niliyemwambia akaze."

Hata leo likitajwa gauni lile, mimi huinama nikajifanya natunga sindano.

Babu yako