Mkanda wa Mke Wangu Umenibana, Je, Niukate?

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nakuandikia ujumbe huu nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa siwezi, na naomba unijibu kipindi kikiwa bado hewani, maana fundi viatu jirani yangu ameshanoa kisu.

Mimi ni fundi cherehani, mke wangu ni mtunza ghala kwenye kiwanda cha mikate, na akitoka huko jioni huenda jimu kunyanyua vyuma, na Jumamosi hii ana mashindano. Sina ugomvi na vyuma, Shangazi, ugomvi wangu ni na watu, maana tangu picha yake ibandikwe mlangoni pa jimu kila mteja anayekuja kupima suruali ananiuliza kama nyumbani nabebwa mgongoni au mikononi, na shemeji yangu, mdogo wake wa kiume, ananiita "Bibi Harusi" mbele ya watoto wangu. Sasa mke wangu ana mkanda mpana wa ngozi nene, chuma chake cha kufungia kina meno mawili, na huuvaa pale tu anapofika kwenye uzito wa mwisho. Nikajiambia, kumbe! Mkanda ndio unaonyanyua, yeye anausindikiza tu. Nikaona nikiuficha mpaka Jumamosi ipite, watu watajua ukweli na mimi nitapumua.

Leo asubuhi akiwa anaoga nikauchukua, mara nasikia mlango wa bafu, pa kuutia sina, nikaufunga tumboni chini ya shati na kuuvuta kwa nguvu zangu zote huku nimebana pumzi ili usionekane. Akatoka, akautafuta mvunguni, nyuma ya mlango, kwenye kapu la nguo chafu, na mimi nakunywa chai kama hayanihusu, na mikate nikaila mingi kwa wasiwasi. Akasema, "Baba watoto, hebu nisaidie tusogeze kabati la vyombo, labda umeangukia nyuma." Nikajaribu kuinama, wapi! Nikasingizia mgongo. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Basi kaa, usije ukaumia," kisha akavuta pumzi, akakaza tumbo, akaliondoa kabati peke yake na vyombo vikiwa ndani, hakikulia hata kijiko. Nyuma hakukuwa na kitu. Ndipo akakaa, akasema kwa sauti ya chini, "Na nilitaka Jumamosi unifungie wewe. Wale wa jimu wanavuta tu, nikisema basi hawasikii."

Nikakimbilia kazini. Tangu hapo nahangaika kuufungua, haufunguki, kwa sababu ili yale meno yatoke lazima kwanza uuvute zaidi, na tumbo limejaa mikate. Fundi viatu amevuta, muuza mitumba amevuta, wameishia kucheka. Mikono inayoweza kuufungua naijua, na mwenyewe siwezi kumwambia. Shangazi, niukate, nikaseme umeibwa? Na je, ni haki mtu kushinda kwa nguvu za mkanda?

Fundi Niliyebanwa

Marahaba, fundi. Mwambie huyo jirani aweke kisu chini sasa hivi. Kwa unavyoeleza, kati ya ngozi hiyo na tumbo lako haipiti hata sindano, na sindano unazijua kuliko mimi.

Pole. Kutaniwa kunauma, hasa mbele ya watoto, na huyo shemeji yako mwambie akome, kwa mdomo wako, kama mtu mzima. Lakini mwanangu, waliokutania ni wengine, mbona umemwadhibu mkeo?

Halafu mkanda. Mkanda haujawahi kunyanyua hata mto wa kulalia. Kazi yake ni kulipatia tumbo kitu cha kusukuma: mtu anavuta pumzi, anakaza tumbo, tumbo linausukuma mkanda, mgongo unatulia. Asiyejua kukaza tumbo, mkanda kwake ni pambo. Ndiyo maana mwenye akili hujifunza kwanza bila mkanda, kisha huuweka kwa ajili ya uzito mkubwa kabisa, na akimaliza huulegeza apumue. Mwenye presha au ngiri aanze kwa daktari. Mkeo anayajua hayo. Wewe umeuvaa tangu asubuhi kunyanyulia kikombe cha chai, halafu unaniuliza habari za haki!

Ulitaka kujua bila mkanda ataweza nini. Jibu limepita mbele yako limebeba kabati, ukajitia hamnazo. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na wewe hata mashindano hukualikwa, umejiandikisha mwenyewe.

Lakini kilichoniuma ni kingine. Jimu imejaa watu wenye misuli, na kati ya wote mkeo amekutaka wewe usimame nyuma yake, kwa kuwa anaamini utamsikia. Na uliposhindwa kuinama, hakukucheka. Unaogopa kuchekwa na mji mzima, nyumbani una mtu mmoja asiyekucheka, na huyo ndiye uliyemwibia.

Sasa fanya hivi. Usile tena chochote. Funga cherehani, nenda ghalani kwake, polepole. Habari za mgongo ziache hapo hapo kibandani. Pandisha shati, umwambie, "Mke wangu, niliuficha mimi, kwa wivu. Nisamehe, na tafadhali nifungue." Kama Jumamosi bado atakutaka, uende, tena mapema.

Na wewe mama, kama redio ya ghalani iko wazi na umeyasikia haya, jitie hujasikia mpaka afike ayaseme kwa kinywa chake. Kumfungua kwanza au kumfokea kwanza, hilo ni lako. Mimi ningeanza na kufoka, maana kwa hali aliyonayo hawezi kukimbia.