Jino la Binti Yangu na Mashine Inayozunguka Kichwa

Dada mshauri, nakusikiliza redioni kila siku nikiwa kwenye cherehani, leo nimezima redio na cherehani yenyewe nikuandikie, maana jambo hili limenikaa kooni na nikimwambia mtu wa karibu ataniona nimechanganyikiwa. Mimi ni fundi nguo, mke wangu alifariki mwaka juzi akaniachia binti mmoja, sasa ana miaka minane, na mtoto huyo ni mama yake mtupu, macho, vidole, hata anavyokohoa kidogo kabla ya kusema uongo, lakini zaidi ya yote ni lile tabasamu, mama yake akitabasamu mteja alisahau alichokuja kugombania, na binti alikuwa nalo vilevile mpaka meno ya utoto yalipoanza kung'oka. Jino moja la mbele juu limeota vizuri, lenzake kimya, pengo liko palepale, na mimi nina hamu na mke wangu mpaka naumwa, nikawa najiambia jino hilo likitoka tu nitamwona tena.

Nikampeleka kwa daktari wa meno, akampiga eksirei ya kawaida, akanionyesha jino liko ndani, limesimama wima, mzizi bado unakua, hakuna kinacholizuia, ila jino la utoto la hapo liling'olewa mapema kwa kuoza na ufizi umekuwa mgumu kidogo, akasema tusubiri, turudi baada ya miezi michache. Mimi moyo haukutulia. Mteja wangu mmoja akanieleza kwamba mwanawe alipoanguka jino likaingia ndani alipigwa eksirei ya pande tatu, ile mashine inayozunguka kichwa na kuonyesha jino mbele, nyuma na ubavuni, nikarudi mbio kwa daktari kuiomba, akakataa, akasema hawezi kumwongezea mtoto mionzi kwa jino ambalo tayari anajua liko wapi. Basi nimepata kliniki nyingine yenye mashine hiyo, nimeshapewa miadi, na nimepanga kuwaambia kwamba mtoto hajawahi kupigwa picha, ile ya kwanza nitaiacha nyumbani.

Huku nyumbani kila asubuhi kabla hajaenda shule namsimamisha dirishani, namwinua mdomo kwa kidole na kumpima ufizi kwa tepu yangu ya kazi, nione kama umejaa hata kidogo, na siku hizi hatabasamu kabisa, anafunika mdomo kwa kiganja. Jana akaniuliza, "Baba, jino likishaota utaendelea kuniangalia?" Nikamwambia awahi shule. Nimpeleke kwenye mashine au nisimpeleke?

Fundi mwenye hamu

Fundi, pole sana kwa msiba. Pole hii ipokee kwa mikono miwili, kwa sababu yanayofuata si matamu.

Tepu, baba? Kwenye ufizi? Huyo ni mtoto, si suruali ya mteja. Unamwinua mdomo kila asubuhi halafu unashangaa kwa nini anaufunika.

Nimemuuliza daktari wa meno ya watoto kabla ya kukujibu. Eksirei ya pande tatu ni kitu kizuri, lakini kwa kawaida mionzi yake ni mingi kuliko ya ile picha ndogo, na mwili wa mtoto bado unakua. Hupigwa pale picha ya kawaida inapobakiza swali, na jibu la swali hilo litabadilisha matibabu. Kwa mfano, jino limelala kingamo, na daktari anataka kujua liko mbele au nyuma kabla hajapasua. Jino la ziada limeziba njia, au jino linakula mzizi wa jirani yake. Mtoto wa mteja wako alianguka, hilo lilikuwa swali. Na hata hapo hupigwa sehemu ile tu, kwa kipimo cha mtoto. Jino la binti yako limeonekana, halina swali.

Ukienda kudanganya kule, wataanza upya na picha ambayo mtoto alishapigwa. Unamdanganya daktari, anayelipa ni binti.

Kwa hiyo futa miadi leo. Rudi kwa daktari wako wakati aliokupangia, na kama ufizi haujasogea muulize waziwazi nini kinafuata. Siku hiyo akisema mashine ya pande tatu inahitajika, mpeleke bila kusita. Tepu ibaki kwenye meza ya kukatia.

Sasa lile lililobaki. Hakuna mashine itakayokuonyesha unachokitafuta, fundi, kwa sababu unamtafuta mkeo mle kinywani na hayumo. Binti ameshajua unamtazama nani, ndiyo maana kakuuliza vile. Mjibu kwamba utamwangalia yeye, jino liote lisiote. Kisha kaa naye, msimulie habari za mama yake, na usimwombe atabasamu. Akilia mwache alie, ulie naye. Wewe umefiwa na mke, yeye kafiwa na mama, na nina wasiwasi tangu mwaka juzi hakuna aliyempa pole.